Ufunguo Mmoja, Kufuli Kumi na Mbili

Dada yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi, na nusu ya milango ya mtaa wetu inafungwa kwa kufuli alizouza yeye. Siku moja, mimi niliyestaafu juzi tu, nilimsindikiza kwa muuzaji wa jumla mpya, mwenye bei ya kutupa na maneno matamu hadi nzi wakawa wanamfuata.

"Mama, hizi orijino kabisa," alisema, akimpa kufuli ya sampuli.

Dada hakuigusa. Alionyesha katoni ya chini kabisa. "Nifungulie ile, baba."

"Dada, tulipe twende, bei itapanda," nikamnong'oneza.

"Wewe umestaafu kazi tu, au na akili pia?"

Muuzaji alipoifungua katoni, dada akatoa kufuli kumi na mbili, akazifunga zote, kisha akachukua ufunguo wa ile ya kwanza na kuujaribu kwenye ya pili. Ikafunguka. Ya tatu pia. Kufikia ya saba, muuzaji alikuwa ametota jasho hadi viatu vinalia chwa-chwa.

"Mwanangu," dada akamwambia kwa upole, "mwizi akinunua kufuli moja kwangu, ana ufunguo wa mtaa mzima."

Tukatoka mikono mitupu. Mkoba wake nilimbebea mimi mpaka nyumbani, tena kwa maringo.