Sentensi Iliyozama Kwenye Kicheko

Wenye filamu za zamani wa Los Angeles hawaanzi kwa kusoma lebo ya kopo. Hufungua kifuniko wakaingiza pua. Filamu inayokufa hunuka siki, na ikishaanza kunuka haina dawa. Husinyaa polepole hadi matundu yake ya pembeni yasioane tena na meno ya projekta, halafu hukatika. Mzee Sol Wachtel alilinusa kopo la *Mjomba Haondoki* mbele ya mgeni wake, akakunja uso, akampa pole kabla hata salamu hazijaisha.

Mgeni alikuwa Corinne Prewitt, mpokea wagonjwa wa daktari wa meno kule Glendale, aliyeanza kuitafuta filamu hiyo kichwa chake kikiwa hakina mvi hata moja. Sasa kilikuwa cheupe nusu.

Filamu ilifanywa adimu na ugomvi. Ilitokana na mchezo wa jukwaani uliotamba New York. Studio ikanunua haki ya kuutumia kwa miaka kadhaa, miaka ikaisha, warithi wa mwandishi wakagoma kuongeza. Tangu hapo ikafungiwa kabatini. Televisheni haiigusi, maabara hazikubali kuinakili bila karatasi za ruhusa. Vichekesho vingi vilivyotoka jukwaani viliishia hivyo, vikigombaniwa na watu wasiowahi kucheka navyo. Zilibaki nakala chache mikononi mwa watu kama Sol, waliozificha gereji nyuma ya makopo ya rangi, na ambao hawapendi kugongewa mlango na wasiyemjua.

Corinne hakuwa mshabiki wa sinema. Alichotaka ni sauti. Mama yake, Idella, alicheza mtumishi wa nyumbani katika mchezo ule, kisha Hollywood ikamleta aicheze nafasi ileile mbele ya kamera. Ikawa filamu yake ya kwanza na ya mwisho. Alikufa kwa kifua Corinne akiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele. Picha zake zilikuwapo tele, lakini sauti ilikuwa imemtoka Corinne kichwani kabisa, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Alikumbuka maneno tu. Mama alikuwa akimchana nywele huku akimwambia kwamba sentensi yake nzuri kuliko zote katika ile filamu hakuna aliyewahi kuisikia.

Shangazi Hester, aliyemlea, alikuwa akiguna kila alipokumbushwa hayo. Kwa maneno yake, Idella alisimama mbele ya kamera kama nguzo ya umeme, ndiyo maana hawakumwita tena. Corinne alikua na maneno hayo mawili, la mama na la shangazi, asijue ashike lipi.

Sol aliteremsha mlango wa gereji mchana kweupe, akatundika shuka, akawasha projekta. Kwenye shuka, mjomba akaja kwa mpwawe kulala siku moja, akakaa miaka. Milango ikafunguliwa na kufungwa, watu wakajificha makabatini. Hatimaye mtumishi akaingia na sinia la chai, na Corinne akashika viti vyote viwili, chake na kilichokuwa tupu pembeni. Bwana wa nyumba akauliza mjomba amesema anaondoka lini.

"Akishakula tufaha la mti wake, bwana," alisema Idella. "Mti wenyewe kaupanda leo asubuhi."

Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya kuburuta maneno kama wanavyoburuta watu wa Missouri. Corinne aliitambua kwa tumbo kabla ya masikio. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Kisha kikaja kimya. Idella alisimama na sinia lake akiitazama birika. Bwana wa nyumba naye alisimama akiwa ameinua nyusi. Hakuna aliyesema neno, na projekta ikaendelea kutatarika, na kimya kikazidi kurefuka hadi Corinne akaona haya, haya ya mtu anayemwona mzazi wake akipotea njia hadharani. Mwishowe Idella akasema, "Nimeshaumwagilia maji," akatoka.

Filamu ilikatika karibu na mwisho. Sol alikuwa anaiunga kwa gundi pale Corinne alipofuta uso na kusema kwamba shangazi yake alisema kweli tupu.

"Kasahau maneno yake," alisema. "Umemwona alivyoganda."

Sol akaacha gundi. "Nani kasahau? Binti, usinitukanie msanii kwenye gereji yangu. Pale ni mahali pa kicheko."

Akamweleza. Waigizaji wa jukwaani walifunzwa kusubiri. Ukikimbilia neno linalofuata unakiua kicheko, na kesho yake unatafuta kazi nyingine. Kule New York watu walikuwa wakicheka hapo kila siku hadi wanafuta machozi. Studio nayo iliijaribia filamu mbele ya ukumbi uliojaa, ikaona watu wanacheka kiasi gani, ikaacha nafasi, na bado haikutosha; kicheko kiliizamisha sentensi inayofuata.

"Anawasubiri watu, yule," alisema Sol. "Sasa humu tupo wawili. Mmoja analia, mwingine anaomba Mungu mashine isile filamu. Atacheka nani?"

Corinne aliigeukia shuka tupu. Sentensi ambayo hakuna aliyeisikia ilikuwa ni hiyo ya maji, basi. Mama hakuwa amejisifu bure. Lakini hayo yalikuwa maneno ya Sol, na Sol alikuwa mtu mwema. Watu wema huweza kukudanganya ili usilie zaidi.

Sol akamwambia hali ilivyo. Filamu ile ingepita mashineni mara moja tena, ikiwa na bahati. Angeweza kuipitisha hapohapo gereji, kinasa sauti kikiwa karibu na spika, na Corinne angeondoka na sauti ya mama yake safi kwenye kaseti, azeeke nayo. Au wangeipeleka Jumamosi kwa chama chao, wazee wa studio waliostaafu, washonaji na mafundi taa na wake zao, waliokodi ukumbi mchana na kuja kila mtu na mto wake wa kukalia. Kinasa sauti kingewekwa huko pia, ila kelele za watu zingeingia.

"Mimi ningekuwa wewe, ningechukua sauti," Sol alisema. "Kicheko utakisikia popote."

Wiki nzima Corinne aliwapangia watu siku za kung'oa meno huku moyo wake ukiwa kwingine. Aliitaka ile sauti. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji. Lakini kila alipoifikiria ilikuja na kile kimya nyuma yake, na mama amesimama na sinia, anangoja. Ijumaa akampigia Sol simu.

"Amesubiri sana," alisema. "Tumpelekee watu."

Ukumbini alikaa safu ya nyuma. Wazee walitabasamu, wakakohoa, wakafungua pipi. Corinne aliwachukia mmojammoja. Mtumishi akaingia. Tufaha, mti, leo asubuhi.

Kicheko kilianzia mbele, kwa mama mmoja mnene, kikaja nyuma safu baada ya safu. Kwenye shuka Idella alisimama palepale, akiitazama birika ileile, na sasa hakuwa ameganda hata kidogo. Alikuwa amewashika watu mkononi. Zile nyusi za bwana zikainuka na ukumbi ukaangua upya. Mzee mmoja akampiga jirani yake begani kana kwamba ni kosa lake. Midomo ya Idella ikasogea, hakuna kilichosikika, akatoka. Corinne alikuwa akicheka na kulia pamoja, na hakujua kipi kilianza.

Filamu ilikatika mara tatu, na mara ya mwisho Sol aliwasha taa akasema imetosha.

Jioni ile, Sol akichemsha kahawa jikoni kwake, Corinne alikaa sebuleni na kaseti. Tufaha lilisikika, japo kwa mbali. Baada yake ni kicheko tu, kelele za watu asiowajua, na chini yake hakuna kitu. Aliirudisha akategea sikio. Akairudisha tena. Alikuwa amejua itakuwa hivyo na bado ilimchoma, kwa kuwa mtu anaweza kuchagua kitu sawasawa na bado akakililia kile alichokiacha.

Mara hii aliiacha kaseti iende, akasubiri kicheko kianze kushuka, akasema mwenyewe, polepole, "Nimeshaumwagilia maji."

Jikoni kijiko kikaacha kugonga kikombe.

"Unaona?" Sol aliita. "Si imeshika! Sauti yake hiyo, ileile nzito ya kuburuta. Hebu rudisha nisikie tena."

Corinne aliweka mkono kinywani. Kisha akairudisha kaseti nyuma, akasubiri watu wacheke.