Majeruhi Saba wa Kilimani

Kufikia siku ya kumi na tisa ya mapigano, mizinga ya adui ilikuwa imekinyoa hadi udongo kilima walichokilinda. Kulikuwa na koplo ambaye wenzake walimwita Fundi, maana kabla ya vita alikuwa mwashi, na kila handaki lilipobomoka yeye ndiye aliyelijenga upya kwa mawe, huku akinung'unika kwamba adui hana adabu na kazi ya mtu. Kapteni alipouawa, uongozi ulimwangukia yeye, koplo tu. Walibaki ishirini na mmoja, saba kati yao majeruhi wasioweza hata kusimama.

Asubuhi hiyo meja aliita kwenye redio kutoka bondeni.

"Kilima tunakiacha. Mshuke kabla ya saa sita."

"Na majeruhi, afande?"

"Wanaoweza kutembea tu."

Ndani ya handaki shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe, alikuwa ameegemea ukuta, paja limefungwa kwa shati. Alisikia kila neno.

"Shemeji, shukeni. Mimi nishakuwa mzigo."

"Nyamaza. Dada yako nimwambie nini, kwamba nilikusahau kazini kama mwiko wa kujengea?"

Akarudi redioni. "Hatushuki, afande."

"Hiyo ni amri, koplo."

"Nimeisikia. Majeruhi wa saba akifika huko, nitakuja unifunge."

Akaizima.

Waling'oa miti ya paa la handaki, wakaifunga mablanketi, zikapatikana machela mbili. Wanne wakabeba, kumi wakashika mstari. Safari moja, kwenda na kurudi, ilikula nusu siku. Adui alipanda mara tatu, na mara ya tatu aliufikia ukuta. Wakapigana kwa singe, risasi zikiwa zimewaishia, hata kwa mawe. Shemeji alikataa kubebwa mapema. "Mguu ndio umeumia, mikono ninayo," alisema, akafyatua bunduki akiwa ameketi hadi risasi yake ya mwisho.

Alishushwa wa mwisho, alasiri ya siku ya pili. Kati ya wale kumi na wanne, sita waliuawa, wakabaki kilimani.

Fundi aliingia hemani kwa meja akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaweka bunduki mezani.

"Kapumzike kwanza," meja alisema bila kumtazama.

"Kwanza andika majina ya sita. Nitayataja polepole."

Meja akaandika. Kisha akamfunga miezi mitatu kwa kukaidi amri. Siku ya kusomewa hukumu hiyo aliulizwa kama anajuta.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Ningeanza kuwabeba tangu siku ya kwanza."