Nusu Saa ya Mama

Kaka yangu ni mjuaji. Huo ndio ugonjwa wake tangu utoto, na safari hii aliyelipa ni mama. Nitasema ya kwake, halafu nitasema na ya kwangu.

Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshakufa. La kulia, daktari alisema linaokoleka kwa upasuaji, ila presha ikibaki juu vile yeye hamgusi. Dawa mama alimeza, haikushuka vya kutosha. Ndipo tukapelekwa kwa dada mmoja wa tiba ya muziki, hapo hapo hospitalini. Akatupa hedifoni na muziki wa taratibu usio na maneno: kila asubuhi nusu saa, mama amelala chali, halafu tumpime. Mwili wake umezoea kukaa macho kama mlinzi, alisema, tuufundishe kupumzika.

Mimi nashona mapazia nyumbani, kwa hiyo kazi hiyo ikaniangukia. Wiki ya kwanza presha ikaanza kushuka. Mama alisinzia mpaka akakoroma, nikawa naacha cherehani nisimwamshe.

Kaka akaja na ujuaji wake. Eti kasikia kwamba muziki anaoupenda mgonjwa ndio unaotuliza zaidi.

"Sasa mama anapenda nini kama si nyimbo za baba?"

Marehemu baba alikuwa kiongozi wa kwaya, na kaka alikuwa na rekodi zake zote kwenye simu. Yule dada hatukumuuliza. Mama naye hatukumuuliza, tulitaka kumfurahisha ghafla.

Nilimvisha hedifoni mwenyewe. Wimbo ulipoanza alifumbua macho, akaweka mikono kifuani, akatulia tuli. Hata kidole hakikucheza. Kaka akanikonyeza: "Umeona?" Niliona, nikafurahi, mjinga mimi. Presha ilipopanda tukasema mashine imechoka. Kaka akanunua nyingine. Nayo ikasema vilevile, tukasingizia joto. Siku tisa, jamani. Siku tisa mama hakukoroma hata mara moja, nami nashona tu.

Siku ya upasuaji walimpima mara tatu, wakaturudisha nyumbani. Turudi baada ya miezi miwili.

Kaka alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Mama, tufanyeje? Tuongeze iwe saa nzima?"

Mama akasema polepole, "Baba yenu alikuwa akinipiga, anaimba. Ili ninyi chumba cha pili msisikie kilio. Nikijitikisa tu, ananirudia."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mlikuwa mnampenda."

Nilitaka kumrarua kaka. Lakini hedifoni nani alikuwa anamvisha? Na nyimbo zile ndizo zilizokuwa zikinilaza utotoni, nikijiona nina bahati ya baba mwenye furaha. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani, maana mwenyewe alishazikwa kwa heshima zote.

Jicho halikungoja miezi miwili. Sasa mama anatutambua kwa sauti. Kaka amerithi ya baba, nzito vilevile, hata kikohozi. Akibisha hodi, mama hushtuka kwanza, mikono ikaenda kifuani, ndipo amkaribishe mwanawe.