Diski ya Taban

Sadiya alifika Arua asubuhi, diski ya kompyuta ya marehemu mumewe imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani kwa Lemi, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko. Kompyuta yenyewe ilikuwa imepigwa na radi kule Koboko. Alichotaka ni video moja tu. Taban, mumewe, alikuwa mpiga picha wa harusi, na alipozidiwa na ugonjwa alimrekodi kaka yake Yasiri akiapa, mkono juu ya msahafu, kwamba nyumba na kiwanja vitabaki kwa Sadiya na watoto. Udongo wa kaburi haujakauka, Yasiri akaanza kushusha matofali uani. Alisema hajawahi kuapa. Yasiri alikuwa na uso mkavu tangu utotoni, na uzee ulikuwa umeukausha zaidi.

Lemi alichomeka diski kwenye kompyuta yake. Mafaili yalionekana, lakini hayakufunguka.

"Hii diski iko na mwenyewe, mama," alisema. "Imetoka kwa kompyuta ingine. Inajua Taban peke yake."

Akajaribu kujiandika yeye kuwa mwenyewe. Diski ikakohoa kile kikohozi cha Taban cha siku za mwisho, ikakataa.

"Basi mwenyewe akuje," alisema Lemi, akaendelea na kazi nyingine.

Sadiya alirudi Koboko, akaenda kaburini nyuma ya jiko, akaeleza shida yake. Kulipokucha Taban alikuwa ameketi barazani na sanda yake, anatafuta viatu. Viatu alikuwa amevichukua Yasiri. Wakapanda pikapu ya wachuuzi wa muhogo. Kwenye kizuizi, polisi alimwomba Taban kitambulisho; hakuwa nacho, akaambiwa ashuke avuke kwa miguu pamoja na wengine wasio navyo. Akavuka, akapanda tena.

Kwa Lemi aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja. Kompyuta ikauliza nani aruhusiwe kuona. Sadiya akamwambia aandike jina la mkewe, basi. Lakini Taban alikuwa mtu wa kutaka kupendwa na kila mtu. Nusu ya mji aliipiga picha bure, na kufa hakukumwongezea akili. Akachagua watu wote.

"Taban! Nimesema mimi!"

"Wote wakiona, nani atabisha?" alisema Taban. Akanywa chai, akalalamika kwamba sukari haitoshi, akarudi Koboko kulala.

Tangu siku hiyo video ilifunguka kila mahali mjini Koboko, bila kuombwa. Yasiri aliapa kwenye televisheni ya saluni, kwenye simu za waendesha bodaboda, kwenye redio ya bucha. Huko Kuluba aliapa kutoka kwenye tochi ya mkulima. "Wallahi, nyumba ni ya Sadiya na watoto, mimi sina neno." Wasusi wa saluni walipunguza sauti, wakaendelea kusuka. Sadiya alifurahi mno. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, naye aliamini. Hakujua kwamba ya Yasiri ilikuwa na lami.

Ukoo ukakaa kikao sebuleni kwa Mzee Ramathan, ami yake Taban. Ukutani televisheni ilikuwa inaonyesha video ileile. Ramathan mwenyewe alionekana ndani yake, kando ya kitanda cha mgonjwa, anaitikia amin na mdomo umejaa mkate wa kisra. Aliomba sauti ipunguzwe ili wazee wasikilizane.

"Mama Jada, tumesikia," alimwambia Sadiya. "Koboko yote imesikia. Sasa leta mutu mbili walikuwa ndani ya nyumba ile siku."

"Wewe ulikuwa ndani, mzee. Jione, unasema amin."

Ramathan akaitazama televisheni kama mtu anayeonyeshwa mbuzi wa jirani.

"Ule mzee iko ndani ya televisheni," alisema. "Akuje akae hapa na sisi, tutamuuliza."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Watu wazima, wenye ndevu na tasbihi, na hakuna aliyeona aibu. Chakula kikaletwa, wakala vizuri.

Wiki ile Yasiri alikuja na vijana kutoa vyombo. Simu zao zote zilikuwa zinaapa mifukoni. Naye, huku anafungua mlango wa chumba, alizifuatisha kwa midomo, neno kwa neno, bila kukosea.

"Shemeji, hiyo iko sauti yako," alisema Sadiya.

"Iko yangu," alisema Yasiri. "Ile wakati nilikuwa na sauti muzuri."

Akamwomba ashike upande wa pili wa kabati, maana vijana walikuwa wamesimama uani wanatazama simu.