Si ya Amri ya Tano

Jumamosi moja ya Agosti mwaka 1914, Neli alikuwa akifagia kanisa dogo la Ngonga, mwanawe Andongwisye mgongoni, alipoikuta si ya amri ya tano iko sakafuni. Ilikuwa nzima, hata nukta ya i ilikuwa bado imekaa juu. Neli aliitambua mara moja, kwa kuwa wiki ile darasa la jioni la akina mama lilikuwa limefika sa, se, si, so, su.

Amri kumi ziliandikwa ukutani kwa masizi yaliyokorogwa na utomvu wa mgomba. Ziliandikwa kwa Kiswahili ili wakubwa wa boma wakipita nao waweze kuzisoma. Usizini ilikuwa imeshika vizuri. Usiibe ilikuwa imeshika vizuri. Kwenye ya tano palisomeka U, kisha pengo la vidole viwili, kisha ue.

Aliiokota. Ilikuwa na uzito wa jino la mtoto, na joto kidogo. Akaibandika kwa utomvu, ikadondoka. Akaibandika kwa udongo wa kufinyangia vyungu, ikadondoka. Basi akaifunga kwenye pindo la nguo, akamaliza kufagia, akampelekea mchungaji.

Mchungaji alikuwa Mjerumani mpole, mwenye kupenda vitu vikae mahali pake. Aliitazama kiganjani mwa Neli, akavua miwani.

"Ndiyo," alisema. "Vita vimeanza. Hata kwetu ilidondoka nilipokuwa mdogo. Kwetu hiyo ni neno zima, tena kubwa, lilivunja kigae cha sakafu. Tulilitia kabatini mpaka vita vikaisha. Iweke mahali pakavu, mama."

Kesho yake alihubiri kwamba serikali haichukui upanga bure. Mzee Nsajigwa, aliyebatizwa kabla ya wote pale, alisimama.

"Bwana, na yule aliyemwambia Petro arudishe upanga mahali pake, alikuwa nani?"

"Maandiko yana pande mbili, mzee."

"Hata mkeka una pande mbili, Bwana. Ila tunalalia mmoja."

Watu wakacheka, mchungaji naye akacheka, wakaimba wimbo wa mwisho.

Jumatatu akaja mkubwa kutoka bomani na askari wawili. Aliusoma ukuta wote, akasema mwandiko ni mzuri. Kisha akachagua wanaume kumi na mmoja. Alimchagua Enoki, mume wa Neli, na Tuntufye, jirani yao. Wangeondoka Jumatano kwenda kupigana na Waingereza ng'ambo ya mto Songwe.

Ng'ambo ya Songwe ndiko alikoishi Eliya, kaka yake Neli. Habari zilikuwa zimefika kwamba yeye Waingereza walikwisha kumpa bunduki.

"Ukimwona kaka yangu?" Neli aliuliza.

"Nitamwamkia. Si shemeji yangu?"

"Na akikunyooshea bunduki?"

Enoki alikuna kidevu. "Imeandikwaje pale kanisani?"

"Si unajua ilivyo sasa."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe uliye nayo."

Neli alichukua sindano, akaishona ile si ndani ya ukosi wa shati la mumewe, kwa uzi mara mbili. Enoki akalivaa.

"Haya, kaa ule," Neli alisema, akimsogezea ndizi.

Enoki alibaki amesimama. "Mbona unaninyima? Umesema nisikae, nisile."

"Nimesema kaa, baba Andongwisye!"

"Ndiyo, sikai."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Enoki akasema basi hiyo inamtosha. Wakimwambia ua, atasikia usiue, na shemeji yake atabaki salama.

Katikati ya Septemba Tuntufye alirudi akichechemea. Alikaa kizingitini, hakutaka maji.

"Shemeji, ilifanya kazi," alisema. "Bwana mkubwa alisema pigeni, Enoki akashusha bunduki. Akasema tena pigeni, Enoki akaiweka chini kabisa, akaipangusa mikono kwenye suruali."

"Hakumpiga mtu?"

"Hata ndege."

"Ndaga," Neli alisema. Asante.

Tuntufye aliangalia miguu yake. "Halafu bwana akasema laleni. Sisi wengine wote tukalala."

Neli alimhamisha mtoto bega.

"Aliyempiga mlimwona?"

"Walikuwa mbali, shemeji. Wote walikuwa wadogo tu, kama kunguru."

Alimkabidhi shati. Alikuwa amelifua mara mbili mtoni.

Neli aliifumua ile si, akaenda nayo kanisani, maana hakujua pengine pa kuipeleka. Alimkuta mchungaji juu ya kigoda, na brashi mkononi. Alikuwa ameifuta ile U na kuiandika upya karibu na ue, kwa unadhifu mkubwa. Pengo halikuwepo tena.

"Lilikuwa linawasumbua wasomaji," alieleza. "Pole sana kwa Enoki, mama. Naona vita hivi vitakuwa virefu kidogo." Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu kuona kama mstari umenyooka. Ulikuwa umenyooka.

Neli alikaa mkekani kumnyonyesha mwanawe. Mtoto alikuwa na miezi sita, umri wa kutia kila kitu kinywani. Aliinyakua si kutoka kiganjani mwa mama yake, akaanza kuitafuna kwa ufizi, na uso wake ukatulia kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Lala, mwanangu," Neli alisema.

Mtoto alifumbua macho. Akaikaza miguu yake miwili juu ya mapaja ya mama yake, akasimama wima.

Neli alimtazama hivyo alivyosimama. Kisha akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akaitoa ile si. Akamwambia tena alale, na mtoto akalala.