Namba Moja ya Simu, Nyumba Sita

Miaka sita sikuchukua likizo, na si kwa kupenda. Ofisi yetu hupeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa wanaotibiwa nyumbani. Tuko watu watano tu, bosi na dereva wakiwemo, na yeyote anayetaka kujua mgonjwa fulani anakaa wapi, mtungi wake unaisha lini, au mbwa wake anang'ata ama anabweka tu, huniuliza mimi. Wananiita Mama Wateja. Ukilisikia jina hilo mara ya kwanza unadhani ni heshima. Ukilisikia ukiwa na homa, umejifunika blanketi hadi puani na simu iko sikioni, unaelewa kuwa ni kifungo.

Kwa hiyo bosi aliposema tunahamia mfumo mpya wa kompyuta, wateja wote wawe humo na mtu yeyote ofisini aweze kuwapata, wenzangu walinuna na mimi nilishangilia. Nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, safari ya siku nzima kwa basi kutoka kwangu. Dada yake alipojifungua, mimi nilikuwa hapa hapa ofisini namwelekeza dereva kwa simu. Hilo sijalisahau, na dada yake hajanisamehe. Bosi akaniahidi: taarifa za wateja zikihamia salama kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, wakati programu ya zamani inafungwa, basi Jumamosi asubuhi nisafiri. Zisipohamia, hakuna wa kumwachia kiti changu.

Wa kuzihamisha alikuwa bwana mmoja wa miaka thelathini na kitu, viatu vyeupe, marashi ya kukuamsha usingizini. Tulimwita Mtaalamu. Alhamisi asubuhi alibonyeza, akasubiri, akapiga makofi.

"Tayari! Mlikuwa na wateja mia sita na kumi na wawili. Sasa mnao mia tano sabini na mmoja."

"Na hao arobaini na mmoja wameenda wapi?" nikauliza.

"Hawajaenda popote, mama. Ni watu walioandikwa mara mbilimbili. Mfumo umeona wana namba moja ya simu, ukawaunganisha. Mmefanyiwa usafi bure."

Bosi akacheka, akampa mkono. Mimi sikucheka, maana nilijua palepale kilichotokea. Kwetu namba ya simu si mtu. Simu ni ya nyumba, ni ya ukoo, mara nyingine ni ya mtaa mzima. Tunaye fundi viatu mmoja ambaye nyumba sita zinatumia namba yake, kwa sababu anashinda pale kona na simu yake haizimiki chaji. Mtungi ukiwa njiani tunampigia yeye, naye anapiga mluzi. Sasa mfumo ulikuwa umewachukua wagonjwa sita, ukawafanya mmoja, ukabaki na anwani ya yule wa mwisho kuandikwa. Jumatatu orodha ya dereva ingetoka humo humo. Wagonjwa watano wangekaa dirishani wakisubiri gari lisilojua kama wapo duniani.

Na hapa nitasema jambo linaloniaibisha. Nilinyamaza.

Nilikaa na chai yangu nusu saa nzima nikipiga hesabu za mwoga. Nikisema, kazi inaanza upya, Ijumaa inafika, na basi la Jumamosi linaondoka bila mimi. Nikajiambia watagundua wenyewe. Nikajiambia fundi viatu ana mdomo, atapiga kelele. Chai ikapoa. Lakini kati ya wale sita yupo bibi wa ghorofani, ambaye mtungi wake haumalizi siku tatu, na kila nilipojaribu kumeza nilimwona amekaa kitandani ameshika ukingo wa godoro anatafuta pumzi. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nataka mjukuu. Nikasimama.

"Bosi, hao arobaini na mmoja si makosa ya kuandika. Ni watu."

"Mama," alisema Mtaalamu, kwa sauti ya kumbembeleza mtu aliyetia chumvi kwenye chai, "mfumo huu unatumiwa na makampuni makubwa. Haukosei."

Hapo ndipo aliponipandisha hasira. "Mwanangu, chukua simu. Weka spika, wote tusikie. Piga hiyo namba, umwombe mteja wako."

Akapiga, anatabasamu.

"Haloo, habari za asubuhi. Naomba kuongea na mteja wetu wa oksijeni."

"Yupi?" Ilikuwa sauti ya fundi viatu, na nyundo yake nyuma.

"Yule... mwenye namba hii."

"Mwenye namba hii ni mimi, na mapafu yangu mazima, namshukuru Mungu. Unamtaka bibi wa ghorofani? Mwalimu mstaafu? Mama wa mapacha? Baba wa geti jekundu? Yule wa kiti cha magurudumu? Au shemeji yangu? Sema haraka, ndugu, kuna mtu hapa kasimama na kiatu kimoja!"

Dereva wetu, tunayemwita Breki kwa sababu ndicho kitu asichokitumia, alicheka hadi akakaa chini. Bosi hakucheka. Mtaalamu alikata simu polepole, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilimsubiri abishe, maneno yangu nimeyanoa. Hakubisha.

"Mama," alisema, na safari hii lilikuwa mama la kweli, "tufanyeje?"

Nilimpenda saa ileile.

Mfumo ulitaka kitu kimoja cha kumtofautisha kila mteja na mwenzake. Namba ya simu haifai. Majina ndiyo usiseme: nusu ya wateja tumewaandika mama fulani na baba fulani, na mtoto akizaliwa jina linabadilika. Nyumba nyingi hazina namba. Tukajikuna vichwa wote, mpaka Breki, angali sakafuni, akasema, "Si geji?"

Geji ni kile kipimo kinachofungwa juu ya mtungi. Mitungi huja na kuondoka, leo iko kwako, kesho kwa mwingine, lakini geji haitoki kwa mgonjwa, na kila moja imegongwa namba yake mgongoni. Miaka kumi na tisa nimeziandika namba hizo kwenye daftari la kutolea vifaa, na haikunijia hata siku moja kwamba zina kazi nyingine. Dereva asiyejua breki akatushinda wote.

Tukaanza. Mimi nasoma namba za geji daftarini, Mtaalamu anaandika, bosi mwenyewe anatuletea chai, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sitegemei kuliona tena. Namba tisa wino ulikuwa umefifia, kwa hiyo Ijumaa asubuhi Mtaalamu na Breki walikwenda nyumba hadi nyumba kuzisoma kwenye geji zenyewe. Mtaalamu alirudi viatu vyake vimekuwa rangi ya barabara. Alikuwa amempandishia bibi mtungi wake hadi ghorofa ya nne.

"Nimemwona," alisema, akakaa, akaendelea kuandika.

Naye alininasa kwa kosa langu. Ilikuwa kama saa tisa alipoanza kucheka peke yake.

"Mama, hapa pana geji moja na wateja watatu. Mwalimu Mstaafu, Baba Walimu na Mzee wa Kofia."

Nikaangalia. Alikuwa mtu mmoja, nimemwandika mara tatu kwa miaka tofauti, na mwandiko wote ni wangu. Kumbe Breki alijua siku zote, ndiyo maana hakuwahi kumpelekea mitungi mitatu. Baadaye tukamkuta na mama mmoja niliyemwandika kabla ya kuzaa na baada ya kuzaa. Jumla wateja mia sita na tisa, si mia sita na kumi na wawili niliowatetea. Mtaalamu alilitangaza kwa ofisi nzima kama matokeo ya mtihani, nami nikamwacha afurahi. Watatu kati ya arobaini na mmoja, haki yake.

Saa kumi na dakika chache bosi alisimama katikati ya chumba. "Mama Wateja, toka nje. Tunajaribu bila wewe. Ukiitwa hata mara moja, husafiri."

Nikakaa kwenye benchi la kwenye korido, mikono katikati ya magoti. Mlango ni mwembamba, nilisikia yote. Bosi anataja geji, Mtaalamu anajibu. Bosi anataja mtaa, yule wa mapokezi anajibu, tena haraka kuliko mimi. Halafu simu ya mezani ikalia, ya kweli, si ya majaribio, nikaanza kuinuka. Kwa miaka kumi na tisa simu ile haijawahi kulia bila kufuatiwa na jina langu.

"Haloo, fundi," nilimsikia Mtaalamu. "Unapiga kwa ajili ya nani kati ya wale sita? ... Bibi. Nimeshampata. Ghorofa ya nne, mlango wa kijani. Ule wa leo unaisha Jumapili. Breki atamletea mwingine kesho jioni. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Nilisubiri jina langu, wala halikuja.

Bosi akafungua mlango, fomu ya likizo mkononi imeshasainiwa. Nilipiga kigelegele kimoja, watu wa ofisi ya chini wakatoka ngazini kuchungulia kuna nini.

Jumamosi nikapanda basi. Jumapili mchana binti yangu alijifungua, na mkono alioushika na kuukamua kama nguo ni huu wangu, hadi leo kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Msichana, sauti kama ya bibi yake.

Jumatatu saa nne nikashindwa kuvumilia, nikapiga ofisini. Akapokea bosi.

"Orodha imetoka?"

"Tangu saa moja. Breki yuko njiani."

"Bibi wa ghorofani?"

"Alipelekewa Jumamosi jioni."

"Yule wa geti jekundu? Mbwa wake siku hizi—"

"Imeandikwa humu, anabweka tu. Sikiliza, Mama Wateja, sisi tuna kazi hapa. Usitupigie tena." Akakata.

Binti yangu alikuwa amelala upande, mtoto kifuani, ananiangalia kwa macho ya mtu aliyezoea. "Kazini hao? Wanakutaka urudi?"

"Hawanihitaji," nikasema, na lilikuwa tamu mdomoni, nikalisema tena. "Hawanihitaji kabisa. Haya, nipe huyo mtoto, wewe lala."