Kifungo cha Utaridi

Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, na si kwa sababu ya kushona tu. Mdomo wake ulikwenda kama mashine yake: ukiukanyaga mara moja, umeshamaliza pindo lote na kuingia kwenye nguo ya jirani. Asubuhi alishona. Alasiri, kazi ikipungua, alipangusa meza ya kukatia vitambaa, akachora duara kubwa kwa chaki ya fundi, akawasomea watu nyota zao kwa vifungo.

Kila sayari ilikuwa na kifungo chake. Jua lilikuwa kifungo cha shaba kilichobanduliwa kwenye koti la mlinzi. Mwezi, kifungo cheupe cha lulu. Mirihi, sayari ya ugomvi, kifungo chekundu. Zohali, sayari ya uzito na subira, kifungo cheusi kinene kama biskuti. Zuhura wa mapenzi alikuwa kifungo cha kioo. Na Utaridi, sayari ya maneno, alikuwa kifungo kidogo cha kijivu cha shati, kimemeguka ukingoni.

"Mtu hasemi anavyotaka," Mama Cherehani alipenda kuwaambia wateja. "Husema kama Utaridi wake anavyotazamwa. Akitazamwa na Zuhura, atakukopa na utamshukuru. Akitazamwa na Zohali, utamuuliza habari leo, akujibu kesho. Mimi wangu kakaa mapajani mwa Mirihi. Nakujibu hujauliza!"

Na kweli alijibu hujauliza. Lakini siku ile aliyomsomea binti wa kaka yake, mdomo ule ulikwenda polepole, kwa huruma iliyopigwa pasi.

Binti alikuwa na mchumba, mpima ardhi, kijana mpole mwenye mikono safi. Watu wa kijana walikuwa wamekuja, wamekaa hukohuko kwenye karakana, kati ya majora ya vitambaa na nguo zilizotundikwa. Shangazi akapanga vifungo. Akakishika kile cha kijivu, akakipeleka, akakiweka upande wa pili wa duara, mkabala kabisa na Jua.

"Maskini mtoto," akasema. "Utaridi wake anampinga Jua. Sikutaka niwe mimi wa kuyasema. Mwanamke wa nyota hii ulimi wake humpinga mwenye nyumba. Ataapa asubuhi, kiapo akiteme jioni. Si kosa lake, ndivyo alivyozaliwa."

Wageni wakanywa chai yao, wakaaga. Posa haikurudi. Au tuseme ilirudi, ila iligonga mlango mwingine: kabla mwaka haujaisha mpima ardhi alimwoa binti mkubwa wa Mama Cherehani. Watu wakasema ni bahati, mji mdogo, vijana wachache.

Binti wa kaka akabaki na Utaridi wake. Akisema bei ya vitunguu imepanda, watu wanatazamana. Akisema amemwona fulani njiani, mtu anaenda kumuuliza fulani kama ni kweli. Baba yake mwenyewe, mgane aliyekaa naye katika vyumba vya nyuma vya nyumba hiyohiyo ya dada yake, alianza kumjibia. Zahanatini, ofisini, dukani: "Semeni na mimi, huyu ana matatizo ya kauli." Alisema kwa upendo, na upendo huo ulimuuma binti kuliko tusi. Mwisho akaona maneno hayana faida, akayafungia. Mtaa, ambao haukosi jina la kumpa mtu, ukampa la kwake: Bubu.

Bubu alipiga pasi, alitia vifungo, alifagia nyuzi. Jirani akaolewa, jirani akazaa, yeye akafagia nyuzi.

Kisha macho ya Mama Cherehani yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, alisema daktari, na zamu ya kufanyiwa upasuaji ikawa mbali. Kushona aliweza kwa mazoea, lakini kitabu cha nyota, alimotafuta mahali pa kila sayari siku ya kuzaliwa mteja, chenye safu za namba ndogo kama mayai ya sisimizi, hakikusomeka tena. Akahitaji macho ya mtu. Na nani mwenye macho, asiye na mdomo wa kutangaza siri za wateja?

"Bubu! Njoo nikufundishe."

Bubu akavuta kigoda. Akajifunza kutafuta tarehe kitabuni, akajifunza kupanga. Shangazi alipapasa meza kwa ncha za vidole, akikagua.

"Mirihi, sawa. Zohali, sawa. Sasa huyu mdogo mlete karibu na Jua."

"Karibu... kiasi gani?"

"Karibu, mtoto wee! Utaridi ni wa kubebwa mgongoni. Utamkuta mbele ya Jua kidogo, au nyuma yake kidogo. Upande wa pili wa duara humkuti hata ng'ombe wapande miti. Ukiona mtu kamweka huko, basi huyo ni mwongo au mlevi."

Alishasema na kupita. Alikuwa tayari kwenye habari ya jirani aliyerudisha gauni akidai limebana, kumbe ni yeye aliyenenepa. Mdomo ule haukuwahi kugeuka nyuma kuona ulichokanyaga.

Bubu alibaki na kifungo cha kijivu mkononi. Kilikuwa chepesi, karibu hakina uzito. Alikumbuka duara lile la siku ile, kila kifungo mahali pake, maana mtu asiyesemeshwa huwa na macho ya kukumbuka. Upande wa pili kabisa. Mkabala na Jua.

Kama angekuwa mtu mwingine, angepindua meza papo hapo. Lakini yeye Utaridi wake wa kweli, alipojitafutia tarehe yake kitabuni siku aliyoachwa peke yake, alimkuta ubavuni mwa Jua, ametazamwa na Zohali. Ulimi mzito. Neno linachelewa, lakini likifika limefika na mizigo yake yote. Na pia alijua hili: akisema wawili tu wakiwa chumbani, litakuwa neno la Bubu dhidi ya neno la Mama Cherehani. Mtaa utacheka hadi ulie. Hapana. Mwenye kuufichua uongo ule lazima awe mdomo uleule uliouzaa, tena mbele za watu.

Akakirudisha kifungo kwenye kopo lake, akafunga kifuniko. Akangoja.

Siku ya kungojewa ilikuja na posa ya Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Cherehani. Hapo ndipo penye mwiba. Kitinda alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyengoja sentensi ya Bubu iishe. Alimpenda kijana wa duka la vioo, na kijana alimpenda vilevile, na mama wa kijana alikuwa mwanamke wa kutaka kila jambo lipimwe, likiwemo la nyota.

Asubuhi ya siku hiyo Bubu alimbana Kitinda gauni kwa pini, magoti sakafuni.

"Dada," Kitinda alisema, "leo na wewe useme. Hata neno moja. Wasije wakadhani kwetu anayesema ni mama peke yake."

"Nitasema," Bubu alijibu, pini zikiwa midomoni.

"Aha! Umeahidi. Ukikimbilia jikoni nitakufuata na gauni hivihivi, nusu limeshonwa."

Pini ikamchoma Bubu kidole. Alijua anachokwenda kukiweka mezani. Kama Mama Cherehani atanyamaza, hata kwa muda wa kumeza mate, posa ya Kitinda itakwenda ilikokwenda ya kwake. Alikuwa anamtegea shangazi mtego, na chambo chake ni mtoto asiye na hatia. Alilifikiria hilo pindo zima. Kisha akafikiria Mirihi na Utaridi, mmoja mapajani mwa mwenzake, na mdomo ambao tangu uumbwe haujawahi kumeza mate kwanza. Akalinyonya tone la damu kidoleni, akaendelea kubana.

Alasiri wageni wakakaa palepale walipokaa wale wa zamani. Mama wa kijana mbele, mkoba mapajani. Baba wa Bubu kwenye benchi la ukutani. Binti mkubwa alikuja na mume wake, mpima ardhi, aliyekuwa ameanza kuota kitambi na kuzoea kukaa karibu na sahani ya biskuti. Kitinda alisimama mlangoni, akijifanya haangalii.

"Macho nayakopa siku hizi," Mama Cherehani aliwaambia wageni, na wote wakacheka. "Huyu ndiye atapanga, mimi nisome. Haya Bubu, mpange mdogo wako, na usitulaze hapa."

Bubu akafungua kopo. Akapanga Jua. Akapanga Mwezi, Mirihi, Zohali, Zuhura. Kila kimoja alikitaja kwa sauti yake nzito ya polepole, na shangazi akitikisa kichwa. Kikabaki kidogo cha kijivu. Akakivusha katikati ya duara, taratibu, ili kila mwenye macho aone kinakokwenda. Akakiweka.

"Utaridi," akasema, "yuko upande wa pili. Anampinga Jua."

Binti mkubwa akashika mdomo. Mpima ardhi akasimamisha biskuti njiani. Mama wa kijana akainua uso.

"Si ndiyo nyota ile?" aliuliza. "Ya ulimi wa kumpinga mwenye nyumba? Habari zake tulizisikia hata kwetu. Mnasema iko kwa huyu pia?"

Kitinda alipauka mlangoni. Bubu hakumtazama, angemtazama angevunjika.

"Haiwezekani!" Mama Cherehani alifoka, na kiganja kilikuwa kimeshapiga meza. "Wewe Bubu ni mjinga wa daraja gani? Nilikufundisha nini? Utaridi haendi upande wa pili wa Jua! Hajawahi kwenda, hataenda, si kwa mwanangu, si kwa mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke! Yeyote anayemweka huko ni mwongo au mlevi! Mama mwenzangu, usisikilize, huyu hajui kitu!"

Bubu alingoja. Zohali alikuwa amemfundisha kungoja. Aliacha maneno yale yatue moja moja, kama vumbi linavyotua baada ya kufagia, hadi kila mtu chumbani akawa ameyapata.

"Tangu lini, shangazi?"

Akakigusa kile cha kijivu kwa ncha ya kidole.

"Maana pombe hunywi," akaongeza.

Jambo lile lilichukua muda kuwafikia watu. Lilimfikia kwanza binti mkubwa. Alimgeukia mama yake, kisha mume wake, kisha akaitazama meza, kama mtu aliyeona ufa kwenye ukuta wa nyumba anayolala.

"Mama," alisema, "kumbe mimi niliolewa na uongo wako?"

Sasa Mama Cherehani angenyamaza, huenda lingepoa. Angesema macho, angesema uzee, wapo ambao wangemwonea huruma. Lakini Mirihi hana breki.

"Nilifanya kwa ajili ya nani?" akasema. "Wewe umri ulikuwa unakwenda! Yeye alikuwa mdogo, angepata mwingine! Kifungo kimoja tu! Nilikisogeza kifungo kimoja, mtu akapata nyumba. Nani kafa? Na huyu mkwe wangu... mume wako huyu, kama angempenda kweli angekubali kufukuzwa na kifungo cha shati?"

Kila neno lilikuwa jiwe, naye akijijengea mwenyewe. Mpima ardhi alitazama viatu vyake. Maisha yake yote alipima viwanja vya watu kwa kamba na darubini, na hakuwahi kufikiri kupima shubiri mbili za meza. Alimwinulia Bubu uso, midomo ikitafuta pa kuanzia. Bubu alimtazama kama mtu anavyotazama koti lililosahauliwa dukani na mteja ambaye hatarudi. Mpima ardhi akairudisha biskuti kwenye sahani.

Mama wa kijana alifunga mkoba wake, pa.

"Binti tumemchukua," alisema. "Mama kama huyu, afadhali mtoto atoke mapema. Vifungo vyenu bakini navyo."

Kitinda akaanza kulia, kwa furaha au kwa aibu, hata yeye hakujua. Alipopita karibu na Bubu aliushika mkono wake, akaubana sana hadi ukauma, kisha akauachia kwa ghafla, kama aliyekumbuka kitu. Bubu alilijua hilo ni nini. Lilikuwa deni la haki, na aliliacha lisimame. Lakini moyoni, chini kabisa, palikuwa na kitu kitamu, cha moto, na hakukionea haya.

Wageni walipotoka, Mama Cherehani akaanza kupapasa meza, akikusanya. Shaba, lulu, chekundu, cheusi, kioo. Vidole vyake vikazunguka duara zima la chaki, vikalifuta nusu, vikarudi.

"Utaridi yuko wapi?"

Bubu alikuwa amekifumbata kiganjani, ule ukingo uliomeguka ukimchomachoma ngozi.

"Bubu. Lete kifungo. Hii kazi ndiyo inayolisha nyumba unayolala. Nakwambia lete! Kaka, mwambie mwanao!"

Baba yake akainuka kwenye benchi. Alikuwa amezeeka ghafla, kanzu imemning'inia mabegani. Bubu alingoja ajibu, kama alivyomjibia miaka yote: atakileta, dada, msamehe, huyu ana matatizo ya kauli. Mzee akaitazama meza iliyofutika. Akamtazama binti yake.

"Mimi sina la kusema," alisema. "Ameulizwa yeye. Unasemaje, mwanangu?"

Bubu alichukua muda wake. Hakuna aliyemharakisha, hata mdomo ule.

"Sirudishi," akasema.